Maili Sita za Kwenda Sundal

Selmer Haugstad alikuwa amechoka. Si ule uchovu wa siku moja unaoisha ukilala. Huu ulikuwa umehamia mwilini na kufungua mizigo. Mgongo wake ulikuwa umeshika umbo la kiti cha greda, magoti yalilia kila aliposhuka ngazi, na sikio la kushoto, lile la upande wa injini, lilikuwa halimsikii tena mtu anayeongea kwa staha. Na huku kwetu watu wote huongea kwa staha, kwa hiyo mzee wa watu alikuwa akikosa mengi.

Miaka ishirini na sita aliendesha greda ya Kaunti ya Brandvold, huku Dakota Kaskazini. Kiangazi alisawazisha changarawe, majira ya baridi alisukuma theluji. Upepo ukairudisha theluji palepale alipoitoa, naye akageuza greda na kuanza upya. Hiyo ndiyo kazi. Ukiitafutia maana utapata wazimu bure.

Alikuwa na umri wa miaka sitini na minne, na alizaliwa kando ya barabara hizohizo. Babu yake alitoka Norwe mwaka 1898 na sanduku moja na Biblia moja, akakata matofali ya nyasi na udongo, akajenga kijumba, akaanza kulima ngano. Wenzake wakamfuata. Enzi hizo ukisimama popote asubuhi ulihesabu mioshi kumi na miwili. Mwaka 1930 kaunti ilikuwa na watu elfu tisa, shule za chumba kimoja zaidi ya arobaini, viwanda vitatu vya siagi, na treni mara mbili kwa siku. Sensa iliyotoka mwaka wa mambo haya, 2011, ilituhesabu elfu mbili na mia moja, ukiwaweka na wale wa nyumba ya wazee. Reli iling'olewa na mataruma yakauzwa. Siagi tunanunua dukani kama watu wa mjini.

Wala usidhani ardhi imelala. Ardhi inalimwa kuliko wakati wowote, ngano, soya na alizeti mpaka macho yanauma. Kilichopungua ni wakulima. Pale walipoishi baba na mama na watoto tisa, sasa hupita mtu mmoja kwenye trekta linalojiendesha lenyewe, analima ekari elfu saba, mchana anakula mkate wake peke yake ndani ya kibanda cha vioo, halafu anarudi mjini kulala. Shamba la akina Haugstad nalo lilimezwa hivyohivyo mwaka 1985, na ndipo Selmer akapanda greda. Ndugu zake sita walishaondoka zamani. Mwanawe yuko Denver, hupiga simu kila Jumapili na kumuuliza hali ya hewa.

Sasa, barabara ya Sundal. Inatoka kwenye lami, inakwenda maili sita kuelekea magharibi, inaishia makaburini. Kanisa la Sundal lilifungwa miaka mingi iliyopita na kengele yake ikapelekwa mjini Hovland, lakini makaburi hayahamishiki. Kule wamelala watu mia mbili na kumi na wawili. Wa mia mbili na kumi na wawili ni Ardis, mke wa Selmer, aliyefariki miaka minne iliyopita, na jiwe lake lina majina mawili: lake, na la Selmer, lenye mwaka wa kuzaliwa, kistari, kisha nafasi tupu.

Kwa walio hai, barabara nzima ya maili sita ilikuwa imebakiwa na mtu mmoja. Huyo ni Bi Gudrun Tveiten, miaka tisini na mmoja, anayekaa maili ya nne kwenye nyumba nyeupe iliyojengwa na baba mkwe wake. Marehemu mumewe, Einar, naye yuko Sundal. Kila alipofika maili ya nne Selmer alizima greda. Bi Gudrun alitokea mlangoni na aproni yake.

"Kahawa, Selmer?"

"Hapana, Bi Gudrun, nina haraka."

"Ipo tayari jikoni."

"Usijisumbue, mama."

"Ingia bwana, itamwagwa."

"Haya basi. Nusu kikombe."

Naye aliletewa kikombe kinachofurika na lefse nne, zile chapati zetu za viazi, zimepakwa siagi na sukari na kuviringishwa. Huku kwetu ndivyo ilivyo. Unaulizwa mara tatu, unakataa mara mbili. Anayesema ndiyo mara ya kwanza ni mlafi, na anayeacha kuuliza baada ya mara ya kwanza ni mchoyo. Watoto wetu hulijua hilo kabla ya kujua kufunga viatu. Wengine wanatucheka, na wacheke tu.

Basi ikaja Juni ya mwaka ule, na baraza la kaunti likaitisha kikao kuhusu barabara. Zamani tulikuwa na greda nane, sasa zilibaki tatu, na madereva watatu wenye umri wa kuchungulia kaburi. Barabara zisizo na mwenye kuzihitaji zilipangwa kuachwa: hazitasafishwa theluji, hazitawekwa changarawe. Watu wa nje husikia "zitaachwa" wakadhani ni neno la makaratasi tu. Selmer alilijua kwa mikono yake. Mwaka wa kwanza barabara hufanya makorongo. Mwaka wa pili nyasi huota katikati. Mwaka wa tatu mkulima wa jirani anapitisha jembe juu yake kwa bahati mbaya, na mwaka wa nne si kwa bahati mbaya tena. Alikuwa ameshaziona barabara kumi na moja zikifa hivyo.

Sundal ilikuwa kwenye orodha. Selmer aliisoma karatasi ile kwenye ukuta wa karakana. Alikwenda kukaa ndani ya gari lake, akashika usukani bila kuwasha. Alimwona Ardis kule, chini ya nyasi zisizofyekwa, na jina lake mwenyewe pembeni likisubiri mtu ambaye hakuna gari la maiti litakaloweza kumfikisha. Akataka kulia, ila hakujua aanzie wapi.

Hata hivyo alijituliza. Kanuni ilisema barabara yenye mkazi haiachwi mkazi akisema anaihitaji. Na mkazi yupo. Bi Gudrun atasema.

Mwenyekiti wa baraza alikuwa Rick Santoro. Alikuja kutoka Chicago miaka sita kabla kuwinda mabata bukini, akapapenda, akanunua nyumba. Si mtu mbaya, nisimsingizie. Alifanya kazi yake, alikuja mazishini, alisukuma magari yaliyokwama. Uenyekiti aliupata hivi: tulipoulizwa nani agombee, kila mmoja wetu alisema hapana, si mimi, akasubiri kuulizwa tena. Santoro alisema ndiyo papo hapo. Tukampa kura kwa mshangao.

Siku ya kikao ukumbi wa mahakama ulikuwa na watu kumi na wanane, na kwetu huo ni umati. Selmer alikaa nyuma karibu na mlango, kofia mapajani. Bi Gudrun aliletwa na binti yake, Marlys, anayekaa Hovland. Alivaa koti lake la kanisani na kijibruchi cha fedha cha mama yake, lile pambo la kubana kifuani. Mwanamke wa umri ule havai kijibruchi kile kwa ajili ya jambo asilolitaka. Selmer aliona, akapumua.

Santoro akafika kwenye Sundal. Alivua miwani, akainama mbele kwa heshima zote.

"Bi Tveiten, wewe ndiye mkazi pekee wa barabara hii. Je, unahitaji tuendelee kukutunzia?"

Bi Gudrun akatabasamu, akapapasa mkoba wake. "Oo, hapana. Msijisumbue kwa ajili yangu."

Ukumbi mzima ulikaa ukisubiri. Tulisubiri swali la pili. Hata saa ya ukutani tuliisikia. Mzee Orlin Bakke, aliyekaa safu ya mbele, alikohoa kwa nguvu, na kwa Orlin hiyo ni hotuba.

"Sawa," alisema Santoro, akaandika. "Asante sana kwa uelewa wako, mama. Nimefurahi tumekubaliana." Kisha akainua macho. "Selmer! Wewe ndiye unaijua barabara hii kuliko sisi wote. Una lolote la kusema?"

Watu kumi na saba wakageuka.  Maneno yalikuwepo, yamejaa mpaka kooni: muulize tena, bwana, muulize tena huyo mama, na mke wangu yuko kule. Akasimama nusu, akaigeuza kofia yake.

"Hapana," akasema. "Mimi, hapana. Sina kubwa."

Akabaki amesimama hivyohivyo, nusu, akingoja aulizwe tena. Santoro akagonga meza.

Jamani! Mtu anaweza kujikata ulimi bila kisu. Selmer aliketi, na mambo yakaendelea hadi kwenye daraja la mto na choo cha uwanja wa besiboli. Bi Gudrun aliendelea kutabasamu mbele pale, shingo imenyooka, mkoba mapajani. Hakuna aliyeona kitu. Sote tuliona.

Kesho yake, kwenye kituo cha mafuta ambako wazee hunywa kahawa ya vikombe vya karatasi, Orlin Bakke alimkalisha. Orlin alilima ngano miaka hamsini, kisha akastaafu, na sasa analima watu.

"Bwana greda," alisema, "jana ulikuwa na mdomo au uliuacha karakana?"

"Na wewe je? Kukohoa ndiyo nini?"

"Mimi sikuulizwa."

"Ungeulizwa ungesema nini?"

Orlin akafikiri. "Ningesema hapana," akakiri. "Lakini ningelisema kwa uchungu."

Kulikuwa na siku thelathini za kupinga. Barua moja tu ingetosha, mistari miwili na sahihi. Selmer alinunua karatasi. Aliandika "Kwa baraza," akakaa. Akajiambia: yeye ni mwajiriwa tu, hakai kule, atapigaje kelele kama mwenye barabara? Mwenye barabara ni Bi Gudrun, na Bi Gudrun hajaandika. Labda hapana yake ilikuwa hapana ya kweli. Labda amechoka na upweke, anataka kwenda mjini, na barua kama hii itamfunga kule dhidi ya matakwa yake. Hivyo ndivyo mtu muungwana anavyojidanganya. Kila wiki mbili alipita maili ya nne, akanywa nusu kikombe kinachofurika, wakaongea mvua na bei ya alizeti na nani kafa. Hakuuliza. Naye hakusema. Siku thelathini zikaisha.

Mwishoni mwa Oktoba karakana ikampa mabango mawili na nguzo mbili. Yaliandikwa kwa herufi nyeusi kwamba barabara haitunzwi na anayepita apite kwa hatari yake mwenyewe. Mtu mwingine angeweza kupewa kazi ile. Walimuuliza kama ingemsumbua.

"Hapana," alisema.

Alipigilia bango la kwanza pale barabara inapoachana na lami. Upepo ulikuwa mkavu, wenye vumbi la mavuno, na nguzo iligoma kuingia ardhini. Aliipiga nyundo mara ishirini, mgongo ukimlilia. Kisha akaenda maili ya nne. Uani kwa Bi Gudrun lilisimama gari la Marlys, milango wazi, masanduku nyuma. Ilikuwa siku ya kuhama. Chumba kilikuwa kimepatikana nyumba ya wazee, Hovland, dirisha linaloangalia maegesho. Bila theluji kusafishwa hakuna mwanamke wa miaka tisini na mmoja anayekaa maili nne kutoka kwenye lami.

Marlys alikuwa ghorofani akifunga shuka. Bi Gudrun alikuwa jikoni, meza imebaki, viti viwili, birika moja.

"Kahawa, Selmer?"

 Selmer alivuta kiti akakaa, buti zake zikitoa udongo kwenye sakafu ambayo haitapigwa deki tena. Alikuwa amechoka kupita adabu.

"Bi Gudrun, ile barabara uliitaka?"

"Aa, yamepita hayo." Alimimina. "Mimi ni mzee, nina shida gani na barabara."

"Uliitaka?"

"Selmer, mwanangu, mna kazi nyingi. Mko watatu tu."

"Nakuuliza mara ya tatu, mama. Uliitaka?"

Birika likatua mezani. Bi Gudrun alishika ukingo wa sinki, akamgeukia, na kwa mara ya kwanza Selmer alimwona hana tabasamu usoni, akamwona ni mzee kweli.

"Niliitaka," akasema. "Kwa nini nisiitake? Nimeingia nyumba hii nina miaka kumi na tisa. Einar yuko pale, naona miti ya makaburi kutoka dirisha hili nikiosha vyombo. Nilivaa kijibruchi cha mama yangu, Selmer! Nikasubiri yule bwana aniulize tena. Nikasema labda wa Chicago hajui, basi Selmer yupo pale nyuma, Selmer atasema kitu. Halafu na wewe ukasema hapana." Akafuta macho kwa aproni, kwa hasira. "Nikadhani labda umechoka na hizi maili sita. Nani angekulaumu?"

Selmer alitazama kikombe. Alitaka kumwambia kuhusu barua ile yenye maneno mawili, ambayo bado ilikuwa kwenye droo.

"Na wewe," alisema Bi Gudrun taratibu, "uliitaka?"

Ilikuwa rahisi. Alikuwa na neno moja tu la kusema, tena kwa mwanamke aliyemfahamu tangu alipokuwa anatambaa. Akafungua mdomo, kikatoka kitu kama kicheko kibaya, akainamisha kichwa. Hakuulizwa tena, kwa kuwa Marlys aliita kutoka ngazini kwamba giza litawakuta njiani. Wakanywa kahawa yao hadi mwisho. Bi Gudrun akaosha vikombe viwili, akavikausha, akavirudisha kabatini kana kwamba kesho kuna mgeni.

Selmer alilipigilia bango la pili makaburini, mbali kidogo na Ardis ili asilione.

Majira ya baridi yale yalikuwa marefu hata kwa sisi tuliozoea. Selmer alisukuma theluji za barabara nyingine. Kila alipopita pale kwenye lami aliliona bango, na nyuma yake weupe mtupu umefunika mitaro na uzio. Kila Alhamisi alikwenda nyumba ya wazee kumwona Bi Gudrun. Kahawa ya pale huletwa na msichana mwenye haraka. Anauliza mara moja, ukisema hapana anapita. Bi Gudrun alikaa mwezi mzima bila kahawa kabla Marlys hajagundua. Ukitaka kucheka, cheka. Selmer hakucheka.

Bi Gudrun alifariki wiki ya kwanza ya Aprili, usingizini, siku moja baada ya dhoruba iliyomwaga theluji ya kufika kiunoni. Marlys alimpigia simu Selmer asubuhi.

"Mazishi ni Jumamosi," alisema. "Tumeamua tumzike hapahapa Hovland."

Selmer alihamishia simu sikio la kulia. "Hapo mjini? Na Einar?"

"Kule hakufikiki, Selmer, unajua mwenyewe. Hata theluji ikiyeyuka kutakuwa tope tupu. Hapa pia ni pazuri. Kuna miti."

"Unataka alale Sundal?"

"Hapana, hapana, usijisumbue. Tumeshakubaliana na mchungaji."

Selmer aliibana simu sikioni. Alisikia upande wa pili mtu anapumua kama aliyebeba kitu kizito na hataki kionekane. Alikijua kile kitu.

"Marlys, unataka alale kwa Einar?"

"Si lazima, kweli. Una kazi nyingi, barabara zote zimefunga."

"Unataka?"

Kikawa kilio. Mwanamke wa miaka sitini na sita akalia kwenye simu kama mtoto. "Ndiyo," alisema. "Ndiyo, Selmer. Ndicho kitu pekee alichoniomba, na aliniomba mara moja tu."

Ijumaa saa kumi na moja alfajiri Selmer aliitoa greda karakana. Hakuandika kwenye daftari anakokwenda. Alifika kwenye bango, akashusha kisu cha greda, akaingia.

Maili ya kwanza ilimchukua saa moja. Theluji ilikuwa imegandamana tabaka kwa tabaka, ngumu mithili ya saruji. Alisukuma, akarudi nyuma, akasukuma tena, injini ikinguruma na meno yake yakigongana. Hakuna nguzo iliyoonekana ya kumwonyesha njia. Hakuihitaji. Alijua mahali palipokuwa na kijumba cha babu yake, akakata kushoto kidogo. Alijua ilipokuwa shule, ilipokuwa posta, alipokuwa akiishi fundi viatu mwenye binti saba. Vyote vilikuwa weupe, na alivipita kimojakimoja kwa mwendo wa mtu anayetembea. Maili ya nne aliona nyumba nyeupe, madirisha yake yakiwa giza. Mkono wake ulikwenda wenyewe kuzima injini, akauzuia.

Alifika makaburini saa tisa alasiri. Mgongo ulikuwa haujanyooka, na vidole havikufunguka mpaka alipovipuliza. Akasafisha hata mahali pa kugeuzia magari. Kisha akashuka na koleo, akatafuta jiwe la Ardis, akalichimbua mpaka majina yote mawili yakaonekana. Mchimba kaburi alikuja nyuma yake na kile kibati cha gesi cha kuyeyusha ardhi iliyoganda, wakasalimiana kwa kichwa.

Jumamosi Bi Gudrun alipitishwa maili sita nzima, magari thelathini na moja nyuma yake, taa zimewashwa. Barabara ile haikuwa imeona magari thelathini na moja tangu kanisa lifungwe. Akateremshwa kando ya Einar. Upepo ulikula nusu ya maneno ya mchungaji, na hakuna aliyelalamika.

Watu walipoanza kurudi garini ili waende kwenye kahawa ya mazishi, Rick Santoro alibaki. Alikuwa amevaa koti jeusi lisilofaa baridi ile. Alimsogelea Selmer pale kwenye jiwe la Ardis, akasoma majina yote mawili, na kile kistari. 

"Greda ya kaunti," alisema, "kwenye barabara iliyofungwa, kutwa nzima. Nitaulizwa. Kuna mtu alikuruhusu, Selmer?"

"Hapana."

Santoro akaangalia viatu vyake. Inasemekana Orlin Bakke alimweka chini siku ile ya kikao baada ya watu kuondoka, au labda miezi baadaye, akamweleza jinsi tulivyo. Sijui. Ninachojua ni kwamba yule mtu wa Chicago alivuta pumzi, akauliza tena, polepole.

"Labda msimamizi wa karakana? Alisema neno, hata kwa mdomo?"

"Hapana."

"Selmer. Nakuuliza mara ya tatu. Mchungaji, Marlys, mtu yeyote nitakayemwandika hapa badala yako. Kuna mtu alikutuma?"

Selmer alielewa alichokuwa anapewa. Ulikuwa ukarimu, tena kwa desturi yetu, kutoka kwa mgeni. Alitaka kumshukuru.

"Hapana, Rick," alisema. "Nilikuja mwenyewe."

Akatoa ufunguo wa greda mfukoni, ule wenye kipande cha ngozi Ardis alichoushonea, akajaribu kukitenganisha, vidole vikashindwa. Akampa vyote viwili. Ilibaki miezi minne afikie kustaafu. Santoro alivishika kiganjani, hakujua aviweke wapi.

"Sikujua," alisema. "Siku ile ya kikao. Nilidhani mmekubali." Akageuka akaangalia barabara, ule mtaro mweupe uliochongwa sawasawa mpaka upeo wa macho. "Barabara hii. Unataka ibaki wazi?"

"Ndiyo," alisema Selmer.

Santoro alisubiri kidogo, akidhani kuna maneno mengine. Hayakuwepo. Wakatembea pamoja hadi kwenye magari, kwa sababu kahawa ilikuwa inapoa kule mjini.